Karata Inayoonekana Kutoka Kiti cha Mwisho

Wifi yangu hajui kufanya kazi kimya. Akipiga pasi anaongea, akichambua mchele anaongea, na akiwa peke yake jikoni utamsikia anagombana na sufuria. Mume wangu, ambaye ndiye kaka yake, husema siku dada yake alipozaliwa aliyelia ni mkunga, kwa kukosa nafasi ya kusema. Nyumbani tunamwita Shoto, kwa sababu kila kitu anakifanya kwa mkono wa kushoto: kuandika, kukatakata vitunguu, hata kumfinya mtoto mtundu.

Kazi yake ilikuwa kugawa karata kwenye kasino. Mimi ni fundi cherehani, na sare za wagawaji wa pale nazishona mimi. Ndizo nguo pekee ninazozishona bila mfuko hata mmoja, tena mikono mifupi na ya kubana, maana mwenye kasino hataki karata ipate pa kujificha. Mara ya kwanza nilimwuliza wifi, "Sasa leso mnaweka wapi?" Akanijibu, "Wifi, pale mafua hayaruhusiwi."

Basi ilikuwa hivyo kila siku. Mimi nauliza, yeye anajibu. Nina ugonjwa wa kuuliza, sikatai. Mteja akija kupima gauni, kabla sijamaliza kiuno nimeshajua anaishi wapi na kwa nini amegombana na dada yake. Kwa wifi nilipata chakula changu, maana mambo ya kasino mtu wa kawaida huyasikia juujuu tu. Ndiye aliyenifundisha ishirini na moja. Ni mchezo mwepesi: wachezaji wanajumlisha karata zao wakijaribu kufika ishirini na moja bila kupita, nao wanashindana na mgawaji peke yake. Mgawaji hujipa karata mbili, moja wazi, nyingine kifudifudi. Ile ya kifudifudi ndiyo roho ya mchezo. Mchezaji angeijua, angejua pia lini aongeze karata na lini atulie.

Wifi alikuwa anajisifu kwa mikono yake hiyo, jamani, utadhani aliinunua dukani. "Mikono hii," alikuwa akisema huku akiinyoosha mbele ya macho yetu, "haijawahi kuangusha karata. Karata yangu ikilala imelala. Hata Mungu anaiona kwa kuulizia." Mama mkwe alikuwa anamkemea kwa kufuru, naye anacheka.

Kingine alichojivunia ni wateja wake. Wenzake wanagawa kama mashine, lakini yeye anawasalimia watu, anauliza habari za nyumbani, anacheka nao. Aliyempenda kuliko wote alikuwa mzee mmoja fundi saa, mwenye kibanda chake chini ya ngazi za jengo moja kuukuu. Mgongo umepinda kwa kuinamia saa za watu miaka nenda rudi, hivyo akikaa kidevu chake kinakaribia kugusa meza. Alikuwa akija zamu ya mchana, anakaa kiti cha mwisho, na kabla hata karata hazijachanganywa anauliza, "Mwanangu, goti la mama linaendeleaje?"

Mama mkwe ana goti linalomtesa. Mzee alilijua goti lile kuliko sisi tunaoishi nalo. Alijua lini lilivimba, alijua tulibadilisha dawa, alijua kwamba mume wangu alikuwa anatafuta kazi nyingine. Wifi akirudi nyumbani anatuambia, "Mzee amekusalimu, mama. Ananijali kuliko nyinyi." Mama mkwe naye anarudisha salamu. Siku moja alitaka kumpelekea mzee sweta, tukamwambia kule hawaruhusu vifurushi.

Basi siku ya mkasa nipo kwenye cherehani, mchana kweupe, namwona wifi anaingia na sare ya kazi mwilini. Hajawahi kurudi na sare. Akakaa juu ya vitambaa vya watu, tena hariri ya bibi harusi, wala sikumwambia ainuke.

"Nimesimamishwa," akasema. "Wanasema mimi ni mwizi."

Nilichomwa na sindano nikanyonya kidole. "Mwizi wa nini?"

"Nashirikiana na mzee. Ati namwambia karata."

Nilimtoa maneno moja moja, jambo ambalo kwa wifi si la kawaida. Fundi saa alikuwa anashinda mno. Si kila mkono, lakini mwisho wa siku anaondoka na ushindi, na msimamizi wa meza akaanza kumtilia shaka. Wakamwangalia kwenye kamera za darini. Hana kifaa, hana kioo, hajaweka alama kwenye karata. Kitu pekee walichokiona ni kwamba yeye na wifi hawanyamazi. Basi wakaamua maongezi yale ni lugha ya siri. Wakaketi wakasikiliza salamu za watu kama majasusi wa vita! "Wanasema," wifi akaniambia, "nikisema mama hajambo, maana yake karata kubwa. Nikisema goti limevimba, karata ndogo."

"Na goti likipona?" nikauliza.

"Wifi, acha!"

Lakini alicheka kidogo, kisha akalia. Kasino ilikuwa imeshamshitaki kwenye bodi inayosimamia michezo ya kubahatisha. Ikithibitika wamekula njama, leseni yake inakufa, na baada ya hapo ni polisi na mahakama, yeye na mzee pamoja. Yeye mwenyewe aliapa kwamba hajawahi kumwambia mzee karata yoyote, nami nilimwamini. Mtu asiyeweza kuficha kwamba amevunja kikombe ataficha wizi?

Sasa mimi jambo likinikaa kichwani halitoki. Kama wifi hakumwambia, mzee alijuaje? Na hata kama alijua, kujua ni kosa? Nilimwuliza mume wangu usiku ule, akaniambia nilale. Nilimwuliza jirani muuza vioo, akasema anayeshinda kamari siku zote ni mwizi, na akishindwa ni mjinga, basi. Hilo halikunitosha.

Bahati nzuri nina mteja mmoja wakili, msichana machachari, ambaye alileta joho lake nilikate pindo. Nilimsimamisha juu ya kiti, nikamzungushia pini kila upande, kisha nikaanza. Aende wapi?

"Wakili, nikihesabu karata kichwani nikiwa kasino, nitafungwa?"

"Fundi, umeanza lini kamari?"

"Nijibu kwanza, pindo lisije likaenda upande."

Akacheka. Akaniambia kwa sheria zetu kichwa cha mtu ni mali yake. Ukikumbuka karata zilizopita, ukapiga hesabu zako, hujamkosea mtu. Kasino haipendi, inaweza kukuomba utoke kama mwenye nyumba anavyomtoa mgeni, lakini haiwezi kukuita mwizi. Kosa linaanza ukiingiza kifaa, ukitia alama kwenye karata, ukibadilisha karata, au ukipatana na mfanyakazi wa mle ndani.

"Na macho?" nikauliza. "Nikiwa nimekaa kwenye kiti changu, sijainama, sijachungulia, karata ikanionyesha uso yenyewe?"

Akainama kunitazama kutoka juu ya kile kiti. "Hapo macho nayo ni yako. Mwenye kazi ya kuificha ni mgawaji. Lakini utathibitisha vipi kwamba ilionekana?"

Mimi nikawaza ya kwangu. Nikipita mbele ya duka la fundi mwenzangu nikaona mshono dirishani, nikarudi nikaukata kwa kukumbuka, nimeiba? Mbona aliutundika? Lakini nikikubaliana na mfanyakazi wake anitolee mshono ambao haujatundikwa, hapo tumekuwa wezi wawili. Nikaona tofauti yake. Nikampa wakili habari yote ya wifi, naye akakubali kumsimamia, joho nikashona bure.

Jioni ile nilimwambia wifi alete karata. Nyumbani zipo, alikuwa akifundishia watoto kuhesabu. Yeye akasimama upande mmoja wa meza yangu ya kukatia nguo, mimi nikakaa upande wa pili mwisho kabisa, kwenye kigoda cha cherehani, ambacho ni kifupi. Akagawa kimya, amenuna. Sikuona kitu. Karata yake ya wazi ikiwa kubwa, sheria ya meza inamtaka achungulie ile ya kifudifudi kabla ya mchezo kuendelea. Akainua kona, akachungulia, akailaza. Safi kabisa.

"Umeona?" akasema. "Hata wewe na udadisi wako huwezi."

Kisha akaanza kunisimulia namna msimamizi alivyomnyang'anya kitambulisho, anavyotembea yule bwana, anavyosafisha koo kabla ya kusema uongo. Alikuwa anamwigiza huku anagawa. Akachungulia tena.

"Nane ya shupaza," nikasema.

Mkono ukasimama hewani. Akaifunua. Ilikuwa nane ya shupaza.

"Umebahatisha."

"Endelea kuongea."

Hakutaka kuongea, lakini wifi yangu na kunyamaza ni watu wasiojuana. Dakika haikupita akarudia habari za msimamizi, nami nikataja mfalme wa kopa. Kisha tatu. Kisha nane nyingine. Nikamwelekeza kwa mkono wangu mwenyewe kinachotokea. Wagawaji wenzake, kama alivyowahi kunisimulia, huinua kona kwa mkono wa kulia na kukinga kwa kiganja cha kushoto, na upande unaobaki wazi unazibwa na kisanduku cha kutolea karata. Yeye anafanya kinyume, hivyo upande wake wazi unatazama kiti cha mwisho. Akiwa kimya anainua kidogo tu, hakuna anayeona. Akiongea mkono unapanda pamoja na maneno. Mtu mrefu haoni. Kamera za darini hazioni. Anaona mtu ambaye macho yake yako chini, karibu na meza.

Loo, nilifurahi! Nilipiga makofi peke yangu. "Wifi, umepona! Mzee hakuambiwa kitu, alikaa tu akatazama! Mwambie wakili kesho asubuhi!"

Yeye hakufurahi. Alizikusanya karata polepole, akazipanga, akazifunga kwa mpira. "Kwa hiyo miaka yote," akasema, "nilikuwa namwaga karata mezani kama maji."

"Si unaona? Si wizi!"

"Wewe ni fundi," akaniambia, na sauti yake haikuwa ya mzaha. "Nikikuita mbele ya watu ukawaonyeshe kwamba hujui kushona, utakwenda?"

Hakika swali lile lilinikata maini.

Wakili alimweleza vizuri, mara mbili, kwamba njia ni hiyo peke yake. Kama karata haionekani, basi ni yeye aliyemwambia mzee. Kama inaonekana, yeye ni mgawaji mbovu na mzee ni mtu mwenye macho. "Chagua lipi unataka kuitwa," akasema. Wifi akatikisa kichwa akaangalia sakafu. Hadi siku ya shauri hatukujua atafanya nini.

Shauri lilisikilizwa asubuhi kwenye ukumbi mdogo wa bodi, wenye feni inayolia na viti vya plastiki. Mwenyekiti wa bodi alikuwa mama mmoja mnene, mpole, miwani imening'inia kifuani. Kasino ilileta wakili wake, bwana mmoja aliyevaa suti ya kubana hata nikamhurumia mishono. Fundi saa alikaa upande wa pili na kofia mapajani, ameinama. Alipomwona wifi aliinuka nusu, akakaa tena.

Wakili wetu akaeleza hoja yake. Meza ya kasino ikaingizwa, ikafunguliwa, kisanduku cha karata kikawekwa mahali pake. Mwenyekiti mwenyewe akasema atakaa kiti cha mwisho. Akateremshiwa kiti mpaka macho yake yakalingana na ya fundi saa, akavaa miwani, akasema, "Haya, mama. Gawa."

Wifi akagawa. Ilikuwa kazi nzuri, sijawahi kuona. Karata ziliteleza zikalala, mkono ulipanda upana wa kucha ukashuka. Akarudia. Akarudia tena. Ukumbi wote kimya, feni peke yake inalalamika.

"Sioni kitu," mwenyekiti akasema.

Bwana wa suti akatabasamu meno yote nje. "Mheshimiwa, ndivyo tulivyosema. Karata haionekani. Basi mzee huyu aliambiwa."

Nilitaka kuruka kutoka kitini. Nilimwangalia wifi kwa jicho ambalo ningemwangalia nalo mtoto anayecheza na kiberiti, nikawa nasema ndani kwa ndani, ongea, ongea, we mwanamke, maisha yako yote hukunyamaza, leo ndio umepata adabu? Yeye hakuniangalia mimi. Alikuwa anamwangalia fundi saa. Mzee alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili, na vidole vile vya kushika skrubu ndogondogo vilikuwa vinaufinyafinya ukingo wake.

"Mheshimiwa," wifi akasema, "mimi sifanyi kazi kimya. Naomba ruhusa niongee na mteja wangu."

"Nani mteja wako?"

"Leo ni wewe."

Watu wakacheka, mwenyekiti pia. Akaruhusu.

"Haya mama, karibu mezani. Hujambo? Umeamkaje? Watoto wanasoma bado au wameshakutoroka wameoa?" Na karata zikaanza kwenda. Mwenyekiti akajibu kwamba wa mwisho yupo nyumbani, hataki kazi wala shule. "Ah, huyo ni kama kaka yangu zamani! Mpe muda. Sisi mama yetu alikuwa anamficha viatu asitoke, naye anatoka na ndala za mama..." Na mimi nikaona uso wa wifi umerudi, ule uso wa jikoni, na bega limelegea, na mkono wa kushoto umepanda na ndala za mama mkwe.

"Nane ya shupaza," mwenyekiti akasema taratibu.

Wifi akaifunua. Akagawa tena akiendelea na hadithi yake ya ndala, lakini sasa machozi yalikuwa yanashuka na hadithi, na mwenyekiti akataja karata ya pili na ya tatu, kila moja kwa sauti ya chini zaidi, kama anayemwomba radhi.

Uamuzi haukuchelewa. Mzee hakutumia kifaa, hakugusa karata, hakupatana na mtu. Aliona kwa macho yake akiwa kwenye kiti alichopewa na kasino yenyewe. Hakuna kosa. Kasino impe ushindi wake iliouzuia, na kama haimtaki imwambie asirudi. Mgawaji naye hakuiba wala hakusaidia kuiba. "Ila," mwenyekiti akasoma, hakumtazama wifi, "kazi yake ni ya uzembe, na leseni yake inarudi kwetu mpaka afundishwe upya." Lile neno uzembe lilisikika hadi nje ya ukumbi. Wifi alikaa wima akalipokea.

Tulitoka kwenye ngazi za nje, jua kali. Mimi nilikuwa nimejaa furaha na huruma kwa pamoja. Fundi saa akatufuata, kofia mkononi, akamshika wifi mikono yote miwili. "Mwanangu, umeniokoa. Ungenyamaza ningeozea ndani na uzee huu."

"Ningekuachaje, mzee wangu?" wifi akasema. "Mtu pekee aliyekuwa ananiuliza hali."

Hapo ningefunga mdomo. Lakini jambo moja lilikuwa linaniwasha tangu jioni ile ya kigoda, na mzee alikuwa mbele yangu, na udadisi wangu hauna breki.

"Mzee," nikamwuliza, "wewe uliligundua vipi?"

Uso wake ulichangamka. Ni furaha ya fundi anapoulizwa habari ya kazi yake, naijua. "Ah, mwanangu! Ilinichukua muda. Mara naona, mara sioni. Nikajiuliza, kuna nini? Saa ikienda na kusimama, lazima kuna sababu. Basi nikaja kuona, akiwa kimya karata imelala. Akiongea, mkono unapanda. Na akiongea habari za mama yake unapanda zaidi kuliko zote. Ndipo nikawa..."

Akasita. Aliona uso wa wifi, lakini maneno yalikuwa yameshatoka.

"Ndipo ukawa unaniuliza goti la mama," wifi akamalizia.

Mzee akaivaa kofia, akaivua. "Mwanangu, bodi yenyewe imesema si kosa."

"Imesema," wifi akajibu. Aliitoa mikono yake kwenye mikono ya mzee, taratibu, wala hakuwa na hasira. "Heri ungekuwa mwizi, mzee wangu."

Akashuka ngazi, nami nikamfuata. Tulitembea hadi nyumbani kwa miguu, yeye mbele hatua moja, bila kusema neno, na mimi sikumwuliza kitu chochote.